UZI: Saa ndogo ya dokini katika Window Maker, inavyofanya kazi na jinsi ya kuitambua iliyo nzuri

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeona niandike kwa kirefu kuhusu programu ndogo sana ambayo wengi wetu tunaotumia Linux huipita bila kuitazama mara mbili, nayo ni saa ya kigae inayokaa katika doki (safu ya vigae ukingoni mwa skrini) ya Window Maker, ambayo ni kisimamizi cha madirisha, yaani programu inayopanga madirisha kwenye skrini. Ukubwa wake ni pikseli 64 kwa 64. Haina menyu wala dirisha la mipangilio, na kazi yake ni moja tu, yaani kumwonyesha mwenye kompyuta wakati, siku na tarehe. Hoja yangu ni kwamba saa ya namna hii isipimwe kwa kile inachoonyesha, maana kuonyesha wakati hakuishindi saa yoyote. Ipimwe kwa kile inachofanya katika muda wote ambao hakuna kinachobadilika usoni pake. Hapo ndipo saa iliyoandikwa vizuri inapoachana na ile iliyoandikwa ilimradi.

Nianze na asili yake kwa ufupi. Sura ya saa hii imetoka NeXTSTEP, mfumo endeshi wa kampuni ya NeXT iliyoanzishwa na Steve Jobs mwaka 1985. Toleo la kwanza la mfumo huo lilitoka mwaka 1989. Pembeni mwa skrini yake kulikuwa na safu ya vigae, na kimojawapo kilionyesha saa kwa juu na chini yake karatasi ya kalenda yenye siku, tarehe na mwezi. Katika miaka ya 1990, watu walioipenda sura hiyo walitengeneza kisimamizi cha madirisha kiitwacho AfterStep, na kwa ajili yake ikaandikwa saa iitwayo asclock. Alfredo Kojima, ambaye alikuwa amefanya kazi katika AfterStep, akaanzisha Window Maker iliyoanza kutolewa mwaka 1997, na asclock ikazaa wmclock, iliyorekebishwa ili ikae vizuri katika doki hiyo mpya. Zipo pia saa nyingine za ukoo huo, kwa mfano wmtime na wmcalclock, lakini wmclock ndiyo iliyobaki karibu zaidi na sura ya awali, na hadi leo inapatikana miongoni mwa vifurushi vya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux.

Sasa tuingie ndani. Wengi hudhani kwamba doki ina itifaki yake maalumu ya kupokea apleti, yaani programu ndogo za dokini, jambo ambalo si kweli. Mbinu inayotumika imejengwa juu ya kanuni za X (mfumo ambao seva yake ndiyo inayochora skrini) za mawasiliano kati ya programu na visimamizi vya madirisha, ambazo zimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Programu inapoanza huunda dirisha lake, kisha huandika katika sifa iitwayo WM_HINTS mambo mawili: kwamba hali yake ya kuanzia ni WithdrawnState, yaani dirisha lisilotaka kuonyeshwa, na kwamba aikoni yake ni dirisha jingine dogo ambalo nambari yake imetajwa hapo hapo. Kisimamizi kisichoijua mbinu hii hakiwezi kuliweka dirisha la namna hiyo dokini. Window Maker hulielewa kama ombi la kuingia dokini, hulichukua lile dirisha dogo na kuliweka juu ya kigae, bila fremu na bila kichwa. Fluxbox hufanya jambo hilo hilo kwa sehemu yake iitwayo slit, na Openbox ina doki yake pia, ndiyo maana saa moja huweza kuhama kutoka kisimamizi kimoja hadi kingine bila kubadilishwa hata mstari mmoja wa msimbo.

Picha zake nazo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Apleti hizi hutumia umbizo la XPM, ambalo kwa hakika ni faili la maandishi lililoandikwa kwa sarufi ya lugha ya C, kiasi kwamba msanidi huliingiza moja kwa moja katika msimbo wake kama anavyoingiza faili jingine lolote. Mstari wa kwanza wa data ukisomeka "64 64 5 1", maana yake ni upana wa 64, kimo cha 64, rangi 5, na herufi moja kwa kila pikseli. Ukilifungua kwa kihariri cha maandishi utaiona picha yenyewe imechorwa kwa nukta na alama, na unaweza kubadilisha umbo la tarakimu kwa kufuta herufi moja na kuandika nyingine. Tarakimu zote kumi huchorwa mara moja, zikiwa zimepangwa bega kwa bega katika ukanda mmoja uliofichwa. Ikiwa kila tarakimu ina upana wa pikseli 9, basi saba huanzia pikseli ya 63 ukihesabu kuanzia sifuri, na programu inapotaka kuionyesha huiomba seva ya X inakili mstatili huo kwa amri ya XCopyArea. Hakuna fonti inayopakiwa, hakuna maktaba ya kuchora maandishi, na hakuna hesabu ya upana wa herufi. Kwangu mimi huu ni usanifu bora kabisa kwa kazi ya ukubwa huu, na sioni haja ya kuubadilisha kwa sababu tu maktaba mpya zipo.

Nifike sasa kwenye kiini. Saa inayoonyesha saa na dakika pekee ina jambo la kufanya mara moja kwa dakika. Pamoja na hilo, ina wajibu wa pili usiofuata ratiba: dirisha lake likifunikwa na kisha kufunuliwa, seva ya X inaweza kuipelekea tukio la Expose likimaanisha "jichore tena", na mtu akiibofya kwa kipanya nalo ni tukio linalohitaji kusikilizwa. Msanidi asiye makini hutatua mawili haya kwa mzunguko usiokoma: amka, tazama wakati, tazama matukio, lala kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha rudia. Saa hiyo itafanya kazi, na hakuna atakayelalamika kwa kuitazama tu. Njia sahihi ni kuikabidhi kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kazi ya kusubiri: programu huita poll au select, ambazo ni amri za kusubiri, juu ya muunganisho wake na seva ya X, ikiweka kikomo cha kusubiri kinacholingana na muda uliobaki hadi dakika ijayo. Kama sasa ni sekunde ya 20, kikomo ni sekunde 40. Tukio likija kabla ya hapo, programu huamshwa mara moja na kulishughulikia. Lisipokuja, hulala hadi dakika igeuke, hunakili mistatili michache, na kulala tena.

Anayetaka kuhakiki tabia ya saa yake hahitaji kusoma msimbo. Aiendeshe chini ya strace, zana inayoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli, na aangalie mistari inavyotiririka: saa nzuri itasimama kimya kwenye mstari mmoja wa poll hadi dakika ibadilike, na saa mbovu itaujaza ukurasa kabla hujaondoa mkono kwenye kibodi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, shukrani kwa uzi huu uliotulia. Nina swali ambalo naomba lisichukuliwe kama ubishi. Prosesa za siku hizi zina nguvu mno, na programu inayoamka mara moja au mara kumi kwa sekunde haionekani hata ukifungua top (zana ya kuonyesha matumizi ya prosesa), kwani matumizi yake husomeka sifuri. Je, kuna madhara yoyote ya kweli, au ni suala la usafi wa msimbo tu?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi, na ninalijibu kwa kirefu kwa sababu kipimo cha top ndicho kinachowapotosha wengi. Top huonyesha sehemu ya muda ambayo prosesa ilitumia kufanya kazi. Haionyeshi ni mara ngapi prosesa iliamshwa, na kwa betri ya kompyuta mpakato hilo la pili lina uzito wake. Prosesa isiyo na kazi huingia katika ngazi za usingizi, na kadiri ngazi inavyokuwa ya ndani zaidi ndivyo umeme unavyotumika kidogo zaidi, lakini kuingia na kutoka humo nako kuna gharama ya muda na nishati. Kerneli hukadiria ni muda gani utapita kabla ya kazi inayofuata, na ikiona kwamba kuna programu itakayoamka hivi punde, haitathubutu kuiteremsha prosesa hadi chini kabisa.

Zamani suala hili halikuwa na maana kubwa, kwa sababu kerneli ya Linux yenyewe ilikuwa ikijiamsha mara mia au hata elfu moja kwa sekunde kwa ajili ya mdundo wake wa ndani, kazi iwepo au isiwepo. Toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 ndilo lililoleta uwezo wa kuusimamisha mdundo huo wakati prosesa haina kazi, na mwaka huo huo Intel wakatoa zana ya PowerTOP inayoorodhesha ni programu ipi inaamsha prosesa na kwa kiasi gani. Tangu hapo kelele za kerneli zikapungua, na kelele za programu ndogo ndogo zikaanza kusikika. Saa moja peke yake haitamaliza betri, nakubaliana nawe kabisa. Ila katika doki mtu huweka saa, kipimo cha betri, kipimo cha joto, kidhibiti cha sauti na kipimo cha mtandao, na kila mwandishi akijiambia kwamba yake ni ndogo, zote kwa pamoja zinaihangaisha mashine mchana kutwa.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapa, nalo ni nukta mbili zinazopepesa kati ya saa na dakika. Kwa ajili ya mapambo hayo pekee, saa ambayo ingeamka mara moja kwa dakika hulazimika kuamka kila sekunde, na kwa kila kuamka humwamsha na seva ya X. Ndiyo maana wmclock ina chaguo la -noblink, na ninawasihi wote wanaotumia betri walitumie. Anayependa sana kuona nukta zikipepesa na azipende, lakini ajue kwamba anazilipia.

#4 – Mchangiaji

Nimekuwa nikiona jambo ambalo sikuwahi kupata maelezo yake. Ninapofunika kompyuta mpakato ikalala, kisha nikaifunua baada ya saa kadhaa, saa ya dokini hubaki kwa muda kwenye wakati ule wa zamani, halafu ghafla hujirekebisha. Mara nyingine husubiri karibu dakika nzima. Saa ya mfumo yenyewe iko sawa, kwa sababu nikiandika date kwenye terminali napata wakati sahihi. Tatizo liko wapi?

#5 – Mwanzisha uzi

Mkuu, umegusa kasoro ya zile saa zinazolala kwa kuhesabu muda, hata zile nilizozisifu hapo juu kwa kutumia poll. Ngoja nilieleze kwa mfano. Tuseme umefunika kompyuta saa 10:00:20. Programu ilikuwa imeshaiambia kerneli "niamshe baada ya sekunde 40". Kikomo hicho hupimwa kwa saa ya ndani ya kerneli iitwayo CLOCK_MONOTONIC, ambayo katika Linux haihesabu muda ambao mashine imelala. Ukifunua saa 14:30, kwa mtazamo wa kikomo hicho bado zimebaki zile sekunde 40, na hadi ziishe uso wa saa utaendelea kusema 10:00. Hivyo ndivyo unavyopata ile "karibu dakika nzima".

Dawa yake ni kuacha kusema "baada ya muda fulani" na badala yake kusema "ifikapo wakati fulani". Linux ina timerfd tangu toleo la 2.6.25 la mwaka 2008, ambayo huifanya saa ya kengele ionekane kama faili la kawaida, hivyo poll inaweza kuisubiri pamoja na muunganisho wa X katika mwito mmoja. Ukiitengeneza kwa CLOCK_REALTIME (saa ya kawaida ya mfumo) na kuipa wakati kamili wa dakika ijayo kwa bendera, yaani chaguo, ya TFD_TIMER_ABSTIME, mashine ikiamka na kukuta wakati huo umeshapita, kengele hulia papo hapo na saa hujichora upya bila kusubiri.

Kuna bendera ya pili, TFD_TIMER_CANCEL_ON_SET, iliyoingia katika kerneli 3.0 mwaka 2011, na naiona kuwa imetengenezwa kwa ajili ya saa hasa. Mtu au programu ikiisogeza saa ya mfumo kwa mruko, iwe mbele au nyuma, kusoma timerfd hurudisha kosa la ECANCELED. Kosa hilo ni habari njema: linaiambia programu kwamba hesabu yake ya awali haifai tena, ijichore sasa na ijipangie kengele mpya. Bila bendera hiyo, saa ya mfumo ikirudishwa nyuma kwa nusu saa, apleti ingelala hadi wakati ule wa mbele ufike, na kwa nusu saa nzima ingeonyesha uongo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye usahihi, niongeze kwamba anayejenga saa hizi kwenye mashine za biti 32 ahakikishe aina ya time_t (ya kuhifadhia wakati) inayotumika ni ya biti 64. Ile ya biti 32 yenye alama hufikia mwisho wake tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa UTC, na sekunde inayofuata huirudisha hadi Desemba 1901.

#6 – Mchangiaji

Nimeifuatilia mada hii kwa makini. Kwangu kikwazo ni macho. Nina skrini ya inchi 27 yenye pikseli 3840 kwa 2160, na kigae cha pikseli 64 ni kidogo mno kusomeka. Nimeongeza ukubwa wa aikoni katika WPrefs (programu ya mipangilio ya Window Maker), lakini kilichokua ni kigae tu, saa yenyewe imebaki kisiwa katikati. Na je, tukihamia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, saa hizi zitaishia wapi?

#7 – Mwanzisha uzi

Malalamiko yako ni ya haki, na hesabu inakuunga mkono. Skrini yako ina takriban pikseli 163 kwa inchi, hivyo pikseli 64 hazifiki hata inchi 0.4, yaani kama sentimita moja. Kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi, ambayo ndiyo iliyozoeleka saa hizi zilipoandikwa, kigae hicho hicho kilikuwa karibu na sentimita 1.7. Kukuza kigae hakusaidii kwa sababu apleti imechorewa vipimo vyake ndani ya msimbo. Window Maker inaweza kuiweka katikati ya nafasi kubwa zaidi, lakini haina namna ya kuitanua.

Kwa kuwa picha zake ni za pikseli, njia nyoofu ni kuzidisha kila kitu kwa mbili: kila pikseli iwe mraba wa pikseli nne, na kila kipimo ndani ya msimbo kizidishwe vivyo hivyo. Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya ufundi. Kuzidisha kwa moja na nusu nisingekushauri, kwa sababu mistari yenye upana wa pikseli moja itatoka mingine mnene na mingine myembamba, na tarakimu zitapoteza ule ukali ambao ndio uzuri wake.

Kuhusu Wayland, mbinu ya WM_HINTS ni ya X na haina mwenzake wa moja kwa moja huko. Programu ya Wayland haiwezi kukabidhi dirisha lake dogo kwa mwingine kwa kutaja nambari yake, kwa kuwa madirisha hayana nambari zinazoonekana na programu zote. Visimamizi vingi hutumia itifaki ya layer-shell kwa vitu vinavyoshikamana na ukingo wa skrini, na wapo walioanza kujenga upya mazingira ya namna ya Window Maker juu ya Wayland, kwa mfano mradi wa wlmaker. Window Maker yenyewe imebaki ya X, na haijafa: baada ya toleo 0.92.0 la mwaka 2005 ilinyamaza kwa miaka mingi, lakini watu wengine wakaichukua, wakatoa 0.95.0 mwaka 2012 na kuendelea hadi 0.96.0 mwaka 2023. Kwa hiyo anayeitumia leo ana muda wa kutosha wa kuitengenezea saa iliyo bora.

#8 – Mchangiaji

Swali la mwisho kwa upande wangu, mkuu. Ningependa siku na miezi isomeke kwa Kiswahili kwenye ile karatasi ya kalenda. Je, inatosha kubadilisha lugha ya mfumo?

#9 – Mwanzisha uzi

Haitoshi, kwa sababu ile niliyoieleza mwanzoni: katika saa hii hakuna maandishi, kuna picha tu. Majina ya siku saba yamechorwa katika faili moja la XPM na majina ya miezi kumi na miwili katika jingine, na lugha huchaguliwa wakati wa kuijenga programu. Ukitaka Kiswahili itabidi uwe na mafaili hayo mawili kwa Kiswahili.

Miezi haina shida, maana Jan, Feb, Mac, Apr na kuendelea huingia vizuri katika nafasi ya herufi tatu. Ugumu uko kwenye siku. Tano kati ya saba huanza na Juma, hivyo herufi tatu za mwanzo zitakupa "Jum" kuanzia Jumamosi hadi Jumatano bila kutofautisha chochote. Ushauri wangu ni kutumia vifupisho ambavyo tayari tunaandikiana kila siku, yaani J1, J2, J3, J4 na J5, kisha Alh na Iju kwa zile mbili zilizobaki. Vifupisho hivyo ni vifupi kuliko nafasi iliyopo, hivyo unaweza kuvichora kwa mistari minene kidogo vikasomeka hata kwa mbali.

Unapochora, fungua kwanza faili la lugha iliyopo, usianze na ukurasa mtupu. Usiguse mstari wa vipimo ulio juu, dumisha mpangilio wa siku kama ulivyoukuta, na hakikisha kila mstari wa picha una idadi ile ile ya herufi kama ilivyotangazwa, kwa kuwa upungufu wa herufi moja tu unatosha kuifanya picha isisomeke na programu ikatae kuanza. Ukimaliza, yaweke mafaili hayo hapa ili nami niyajaribu kwenye mashine yangu kabla hatujawapelekea wanaoisimamia wmclock.